Mshono uliopinda

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ni mchezo gani wa jukwaani uliokufanya uitazame ndoa kwa jicho jingine? Wangu ni Trifles, wa Mmarekani Susan Glaspell. Ni wa onyesho moja tu, na wote unachezwa jikoni.

John Wright, mkulima, amenyongwa kwa kamba kitandani mwake. Mkewe, Minnie, yuko mahabusu na jukwaani hatumwoni hata mara moja. Sherifu, mwendesha mashtaka na jirani yao Hale wamekuja kutafuta ushahidi, na wake wawili wamefuatana nao: mke wa sherifu na mke wa Hale. Wanaume wanatupa jicho jikoni, wanaona masufuria machafu na taulo chafu, wanamsema Minnie kwamba hajui kutunza nyumba, kisha wanapanda ghorofani. Hale anasema wanawake wamezoea kuhangaikia vitu vidogo vidogo. Jina la mchezo limetoka hapo.

Mimi ni fundi cherehani, na kilichonishika ni mshono. Wale mama wanakuta vipande vya blanketi la viraka alilokuwa akilishona Minnie. Vyote vimenyooka vizuri, isipokuwa kimoja: uzi umekwenda ovyo, kama si mkono uleule. Mke wa Hale anaufumua palepale na kuanza kuushona upya. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Mwaka niliofiwa na mama yangu nilishona gauni la mteja, na nilipoligeuza nikakuta mshono umepinda kuanzia kwapani hadi kiunoni, wala sikukumbuka nimeupitisha saa ngapi.

Katika kikapu cha kushonea cha Minnie mna kisanduku kizuri, na ndani yake kanari, ndege mdogo wa kuimba, aliyesokotwa shingo, amefungwa kwenye kitambaa cha hariri. Kabla ya kuolewa Minnie aliimba kwaya. Mumewe hakutaka hata simu, nyumba haikuwa na mtoto. Ndege ndiye aliyekuwa akiimba mle ndani.

Glaspell hakuyatoa hewani. Akiwa mwandishi wa habari Des Moines, Iowa, alifuatilia kesi ya Margaret Hossack, aliyeshtakiwa kumuua mumewe kwa shoka Desemba 1900. Baraza la raia lililomhukumu mahakamani lilikuwa la wanaume watupu. Hukumu ilitenguliwa, na kesi iliporudiwa baraza halikuafikiana. Mchezo ulipotoka mwaka 1916 huko Provincetown, Glaspell mwenyewe alicheza nafasi ya mke wa Hale.

Na mke wa Hale ndiye anayeniumiza. Anaishi karibu, lakini zaidi ya mwaka hajakanyaga pale, kwa sababu nyumba ile haikuchangamka. Analia kwamba hilo nalo ni kosa la jinai, nani atalitolea adhabu? Mimi sitetei kuua. Ila watu wanamwoza binti, wanamsindikiza kwa vigelegele, kisha mlango ukifungwa wanasema hayo ni ya mke na mume. Nami nimewahi kusema hivyo, tena zaidi ya mara moja.

Wanaume wanashuka mikono mitupu. Mwendesha mashtaka anauliza kwa utani lile blanketi lingemaliziwaje, kwa kushonwa au kwa kufungwa mafundo. Mke wa Hale, mkono ukiwa juu ya mfuko alimoficha kisanduku, anamjibu: kwa mafundo.