Maswali na Majibu: Adhabu kali na mwanafunzi anayetaka kuacha shule

SWALI: Mwanangu wa kidato cha pili amesimamishwa masomo wiki mbili kwa kumjibu mwalimu vibaya. Ni mara ya pili mwaka huu, na sasa anasema harudi tena. Nimlazimishe?

JIBU: Pole, mama. Kabla ya kumlazimisha, mwulize anaogopa nini siku ya kurudi. Wiki mbili ni siku kumi za masomo. Kama hisabati ina vipindi vitano kwa wiki, amekosa vipindi kumi, pengine mada nzima. Akirudi anakuta wenzake wako kwenye mada inayotegemea ile aliyoikosa. Anaambiwa asimame ajibu swali, anashindwa, darasa linacheka, kisha anaadhibiwa kwa zoezi ambalo hakuwepo lilipotolewa. Wengi hukata tamaa hapo, katika wiki ya kwanza baada ya kurudi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu wanafunzi wa darasa la tisa katika jimbo la Florida, Marekani, ulikuta kwamba walioacha shule walikuwa asilimia 16 miongoni mwa wasiowahi kusimamishwa, na asilimia 32 miongoni mwa waliosimamishwa hata mara moja tu. Si kwamba adhabu peke yake ndiyo iliyowatoa. Wengi walikuwa pia na utoro na kufeli masomo. Mambo haya huja pamoja, na kwa mtoto aliyekwisha kulegea, siku kumi za kukaa nyumbani humzidishia pengo.

Kwa hiyo leo hii soma barua ya shule. Lazima ionyeshe kosa, aliyetoa uamuzi na tarehe ya kurudi. Barua isiyo na tarehe ya kurudi usiipokee kimya, maana watoto wengi hupotelea hapo. Omba kazi za kila somo, na mwenzake mmoja ampe madaftari anakili. Nyumbani aamke saa ile ile ya shule. Usimtafutie kibarua "ili asikae bure": akishaonja hela yake mwenyewe, darasa linapata mshindani.

Kisha omba kikao cha nusu saa kabla ya siku ya kurudi, awepo mwalimu wa darasa na yule aliyejibiwa vibaya. Kijana aombe radhi humo ofisini, si mstarini mbele ya shule nzima. Mkubaliane lini atafanya majaribio aliyokosa, na kwamba kazi za siku alizokuwa nje hazitamletea adhabu mpya.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa nidhamu. Tukiacha viboko na kusimamisha, shule itatawalika kweli?

JIBU: Mwalimu, chukua kitabu cha adhabu na daftari la mahudhurio, uvisome pamoja kwa muhula mmoja. Andika jina, siku, kipindi, kosa, adhabu, na kama mwanafunzi alikuwepo siku iliyofuata. Utaona majina machache yanajirudia kwa kosa lile lile. Adhabu iliyotolewa mara sita kwa kosa moja haijafanya kazi, na kuiongeza ukali hakutaifanya ifanye.

Tazama uchelewaji. Geti likifungwa, aliyechelewa dakika kumi na tano hukosa siku nzima. Muda si mrefu hujifunza kwamba akichelewa ni heri asije kabisa. Mwingize darasani, kisha afidie muda ule ule baada ya masomo, siku hiyo hiyo. Kiboko nacho humfunza mtoto kumkwepa mwenye kiboko: anaruka kipindi chake, anafeli somo lake, halafu anachapwa kwa kufeli. Tangu 2006 Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa imesema wazi kwamba adhabu ya viboko iondolewe kila mahali, shuleni na nyumbani.

Kusimamisha kubaki kwa hatari ya kweli, kama silaha au kipigo, na kuwe kwa siku chache zenye tarehe ya kurudi. Huko Texas, utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba sheria ilizilazimisha shule katika takriban asilimia 3 tu ya hatua za kumtoa mwanafunzi darasani. Zilizobaki zilikuwa hiari ya shule. Hiari hiyo unayo na wewe.

SWALI: Mwalimu mmoja ananichapa kila kipindi chake, kwa hiyo sihudhurii. Nifanyeje?

JIBU: Mwanetu, ukiruka kipindi unampa sababu nyingine ya kukuadhibu. Andika tarehe, kosa ulilotajiwa na idadi ya viboko. Mpelekee mzazi au mlezi karatasi hiyo, aende nayo kwa mkuu wa shule. Kama shule ina mwalimu wa ushauri nasaha, mwone yeye pia. Ukiwa na jeraha au uvimbe, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, daktari aandike alichokiona.