Ukikosa Darasa Siku Mbili Tatu, Ruhusa Iandikwe

Mwanafunzi wa chuo hapa Mombasa, wa Tudor au wa kampasi za katikati ya mji, akiugua siku mbili, mara nyingi hatua yake ya kwanza ni kumwandikia mwakilishi wa darasa kwenye WhatsApp: "Niombee ruhusa kwa lekcha." Mwakilishi anajibu sawa, lekcha anaitikia kwa kichwa, na shughuli inaonekana imekwisha. Haijakwisha. Miezi mitatu baadaye, alama zinapokaguliwa, hakuna anayeyakumbuka maneno yale, na bodi ya mitihani husoma faili. Kukosa kipindi kimoja au viwili hakumwangushi mtu. Kinachomwangusha ni kukosa kusikokuwa na karatasi.

Kwanza jua una nafasi kiasi gani. Vyuo vingi vya Kenya hudai mahudhurio ya asilimia 75, vingine theluthi mbili. Kiwango cha chuo chako kimo kwenye kijitabu cha kanuni za masomo. Chukua yuniti, yaani somo moja la muhula, yenye kipindi kimoja cha saa tatu kwa wiki, muhula wa wiki 14. Asilimia 75 ya 14 ni 10.5, kwa hiyo unahitaji vipindi 11 na unabakiwa na vitatu tu vya kukosa. Kwa theluthi mbili unahitaji 10, vinabaki vinne. Ndani ya hivyo vitatu imo pia siku uliyochelewa hadi orodha ya mahudhurio ikapita bila sahihi yako. Weka hesabu nyuma ya daftari, kila yuniti peke yake, kwa sababu homa ya Jumatatu na Jumanne inaweza kugusa yuniti nne na kuziacha mbili salama kabisa. Wala usidhani ruhusa inafuta kipindi kwenye hesabu hiyo. Uliza idarani mapema kama kipindi chenye ruhusa kinahesabiwa au la.

Taarifa yenyewe itoke kabla ya kipindi kuanza, kwa barua pepe ya chuo, kwa mhadhiri moja kwa moja, na nakala kwa mkuu wa idara. Mwakilishi wa darasa mwambie pia, lakini yeye si ofisi. Ukitumia anwani yako ya binafsi, ujumbe unaweza kuishia kwenye takataka, na mhadhiri mwenye wanafunzi mia mbili hatajua ni nani anayemwandikia. Ujumbe unaotosha, tuseme siku yenye CAT (jaribio la katikati ya muhula), uko hivi:

"Habari za asubuhi, Daktari. Mimi ni Fatuma Ali Omar, namba ya usajili (iandike kamili), mwaka wa pili, yuniti ya Uhasibu wa Gharama. Nimeugua, na leo Jumanne saa mbili asubuhi sitaweza kuhudhuria kipindi wala kufanya CAT iliyopangwa. Naenda zahanati sasa hivi. Natarajia kurudi Alhamisi, na siku hiyo nitaleta cheti cha daktari idarani. Naomba unielekeze jinsi ya kuifanya CAT hiyo. Ahsante."

Hata kama idara yenu huandikiana kwa Kiingereza, mpangilio ni huo huo: wewe ni nani, unakosa nini, kwa nini, unarudi lini, unaomba nini. Sababu ni neno moja au mawili. Huna haja ya kueleza ugonjwa wako kwenye kundi la darasa. Habari za afya ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kama ni jambo la siri, cheti kiende kwa mkuu wa idara au mlezi wa wanafunzi kikiwa ndani ya bahasha iliyofungwa.

Kwenye cheti cha daktari ndipo wengi huharibikiwa, na karibu kila mara ni kwa mambo madogo. Tarehe ndiyo ya kwanza. Ukiugua Jumanne ukaenda hospitali Alhamisi, cheti kitaandikwa Alhamisi, na Jumanne yako itabaki wazi. Daktari mwaminifu harudishi tarehe nyuma, na usimwombe afanye hivyo. Nenda siku ile ile, hata kama ni zahanati ndogo ya mtaani Kongowea au kliniki ya chuo. La pili ni jina. Huku kwetu mtu anaitwa Fatma nyumbani, Fatuma kwenye kitambulisho, na karani wa hospitali akiwa na foleni ndefu huandika majina mawili tu, tena pengine la baba likitangulia. Karatasi inayosema "Fatma Ali" haimlazimu mtu yeyote kuamini kwamba ni Fatuma Ali Omar. Mpe karani kitambulisho chako cha taifa, kisha isome karatasi kabla ya kuondoka dirishani. Hakikisha ina majina matatu, tarehe, idadi ya siku za mapumziko, sahihi ya mhudumu na muhuri wa kituo. Bila idadi ya siku, cheti kinathibitisha tu kwamba ulionekana hospitali, hakisemi kwamba ulistahili kukaa nyumbani. Risiti ya duka la dawa haithibitishi ugonjwa.

Siku unayorudi, toa nakala mbili. Moja mkabidhi karani wa idara, ya pili mwombe aigonge muhuri wa kupokea wenye tarehe na aitie sahihi. Idara ikitaka karatasi halisi, wape, lakini usiondoke bila nakala iliyogongwa muhuri. Piga picha zote uzitume kwenye ile ile barua pepe ya kwanza, ili taarifa na ushahidi vikae mahali pamoja.

Na kuna jambo moja tunalolisisitiza kuliko yote: usimruhusu rafiki akutilie sahihi siku uliyoomba ruhusa. Anadhani anakusaidia. Kumbe orodha itasema ulikuwepo darasani, faili itasema ulikuwa umelala hospitali, na kutoka hapo kesi inahama kutoka mahudhurio kwenda nidhamu, ikiwabeba nyote wawili.

Msiba una utaratibu wake. Kwa Waislamu maiti huzikwa upesi, mara nyingi siku ile ile, kwa hiyo barua pepe hutangulia na karatasi hufuata. Piga picha kibali cha mazishi kabla hakijaenda na wazee makaburini. Kama marehemu ni mjomba au bibi mzaa mama, majina hayatafanana na yako, ndiyo maana utahitaji barua ya chifu inayoeleza uhusiano. Kwa kawaida unaanzia kwa mzee wa mtaa. Anayesafiri bara kwa mazishi ya wiki nzima aandike tarehe ya kuondoka na ya kurudi, asiandike "siku chache".

Idd-ul-Fitr ni sikukuu ya taifa, ila tarehe yake hufuata mwezi kuandama. CAT ikipangwa karibu na siku hiyo, andika wiki moja kabla ukitaja tarehe zote mbili zinazowezekana. Maulidi ya Lamu si sikukuu ya taifa. Hiyo ni safari ya kuombewa ruhusa kama nyingine. Kipindi kinachogongana na swala ya Ijumaa kila wiki hakitatuliwi kwa ruhusa ya kila Ijumaa. Darasa liombe saa zibadilishwe katika wiki mbili za kwanza, kabla ratiba haijafungwa.

Kuchelewa kwenye kivuko cha Likoni ni sababu ya kweli, lakini ni ya mara moja moja. Wahadhiri nao wanavuka pale. Siku ya CAT, vuka saa moja zaidi kabla ya kawaida yako, na ukikwama piga simu kabla karatasi hazijagawiwa.

Ukikosa CAT, usingoje muhula uishe. Katika vyuo vingi CAT hubeba alama 30 na mtihani wa mwisho 70. Ukikosa zote 30, ili kufika 40 ya kupita lazima upate 40 kati ya 70, yaani asilimia 57 ya mtihani. Omba CAT ya kufidia ndani ya wiki ile ile, maana alama zikishapandishwa kwenye mfumo, mhadhiri peke yake hawezi kuzigusa tena. Mtihani wa mwisho ni jambo jingine kabisa. Hapo barua hupitia kwa mkuu wa idara kwenda kwa mkuu wa kitivo au msajili wa masomo, nawe unaomba mtihani maalum. Tofauti yake na sapu, yaani mtihani wa kurudia wa aliyefeli, ni kubwa: kwa kawaida mtihani maalum huhesabiwa alama zote ulizopata, ilhali sapu husimama kwenye alama ya kupita hata ukiandika vizuri namna gani.

Wanaofanya atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, iwe bandarini Kilindini au hotelini Nyali, wana mabwana wawili. Msimamizi wa kazini aambiwe asubuhi ile, na mratibu wa atachimenti chuoni aandikiwe siku hiyo hiyo. Kwenye logibuku, daftari la kazi za kila siku, usiache nafasi ya siku hiyo tupu wala usiijaze kazi ambayo hukuifanya. Andika tarehe, "sikuwepo kwa ruhusa, cheti kimeambatishwa", kisha msimamizi atie sahihi mbele ya mstari huo kabla wiki haijaisha.