Afisa anapozuia malipo yako mpaka umpe asilimia: jibu la mkaguzi wa ndani

Ndugu muulizaji, nimelisoma swali lako kwa makini. Wewe ni mkandarasi mdogo, kazi umeimaliza na imepokelewa, lakini afisa mmoja ameikalia hati yako ya malipo na amekutumia salamu kupitia mtu wa kati kwamba bila asilimia kumi haitasainiwa. Unauliza kama ukitoa kisha ukaripoti utashtakiwa na wewe, kwa nini rushwa haikomi ilhali sheria zake ni kali, na kama sheria ina lolote la kukufaa wewe mwenyewe zaidi ya kumfunga mtu. Nimekuwa mkaguzi wa ndani katika taasisi ya umma kwa muda mrefu, na majalada mengi niliyoyashika yalihusu zabuni na malipo, kwa hiyo nitakujibu kwa namna ninavyolijua jambo hili kutoka ndani.

Nianze na lililo la haraka: usitoe kwanza ndipo uripoti. Wengi huamini kwamba hakuna kosa mpaka fedha ipokelewe, na imani hiyo imewaponza watu wengi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Rushwa, uliopitishwa mwaka 2003 na kuanza kutumika mwaka 2005, unazitaka nchi wanachama katika ibara ya 15 zifanye kuwa jinai kitendo cha kuahidi, kutaka kutoa au kutoa hongo kwa upande wa mtoaji, na kitendo cha kuomba au kupokea kwa upande wa mtumishi wa umma. Kwa msingi huo, afisa wako alikamilisha kosa lake siku alipoomba, hata kama hajaona senti yako, na wewe mpaka sasa hujakosa lolote. Ukitoa, unahamia upande wa pili wa ibara hiyohiyo. Ni kweli kwamba ibara ya 37 inatoa nafasi ya kumpunguzia adhabu, au hata kutomshtaki, mtu anayewasaidia wachunguzi, lakini hiyo inategemea sheria ya nchi yako na uamuzi wa mwendesha mashtaka, na si jambo la kulitegemea kabla hujalionyeshwa kwa maandishi.

Njia iliyo salama ni kupeleka taarifa ungali unaombwa. Chombo cha uchunguzi kikiona inafaa, kinaweza kuandaa mtego: noti huandikwa namba zake, unapewa uzipeleke mahali mlipokubaliana, na mpokeaji hukamatwa nazo. Ukitoa chini ya uangalizi wao unakuwa shahidi wao. Ukitoa peke yako kisha ukaenda kulalamika kwa sababu hukuhudumiwa, itakuwa vigumu kumshawishi yeyote kwamba hukuwa mshirika aliyedhulumiwa mgao.

Sasa kuhusu ushahidi, maana hapa ndipo kesi nyingi hufia. Katika kazi yangu sikuwahi kukuta karatasi ambayo mtumishi ameandika kwamba anataka hongo. Nilichokuta ni ucheleweshaji usio na maelezo. Nakumbuka malalamiko ya mzabuni mmoja ambaye hali yake ilifanana sana na yako. Niliomba rejista ya masjala, nikaona jalada lake limesainiwa kuingia kwa afisa na halijasainiwa kutoka, na ndani yake hakuna dokezo lolote linaloeleza kasoro. Nikachukua majalada yaliyoingia kwa afisa huyohuyo baada ya lile, nikayapanga kwa tarehe, na mengine yalikuwa yamekwisha lipwa. Yote yaliyotangulia kulipwa yalikuwa ya wazabuni walewale wachache. Hapo afisa alitakiwa aeleze kwa nini foleni yake ilikuwa na milango miwili, na maelezo hayakupatikana.

Kwa hiyo mlazimishe aandike. Peleka barua inayotaja namba ya mkataba, tarehe ya kupokelewa kwa kazi na kiasi kinachodaiwa, uliza ni kasoro gani inayozuia malipo, nakala mpe mkuu wa taasisi na mkaguzi wa ndani, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Usitaje rushwa katika barua hiyo. Akijibu kwamba kuna kasoro, ataitaja na wewe utaweza kuipinga; asipojibu, ukimya wake umeingia kwenye kumbukumbu. Mtu wa kati yupo kwa ajili ya kumkinga afisa asiunganishwe na ombi lake, na barua rasmi humrejesha afisa kwenye saini yake mwenyewe.

Kuhusu sababu za rushwa, wengi hutaja mishahara midogo, na sikatai kwamba mtu mwenye njaa ni rahisi kushawishika. Hata hivyo, madili makubwa niliyoyaona yalipangwa na watu waliolipwa vizuri kuliko mimi. Mchumi Robert Klitgaard alilieleza jambo hili kwa fomula fupi: rushwa ni ukiritimba, ukijumlisha uhuru wa kuamua, ukiondoa uwajibikaji. Afisa wako ndiye pekee anayesaini, hakuna muda uliowekwa wa kusaini, na hakuna anayemuuliza. Umuongezee mshahara mara tatu huku hayo matatu yakibaki, na asilimia itaendelea kuombwa, pengine kwa lugha ya heshima zaidi. Tusisahau pia upande wa watoaji wakubwa, ambao husemwa kidogo mno. Marekani ilipiga marufuku kampuni zake kuhonga maafisa wa nchi za nje mwaka 1977, lakini Ujerumani hadi mwaka 1999 iliruhusu hongo zilizotolewa nje ya nchi kukatwa kwenye kodi kama gharama za biashara. Mwaka 2008 kampuni ya Siemens ilikubali kulipa mamlaka za Marekani na Ujerumani takriban dola bilioni 1.6 kwa sababu ya hongo zilizotolewa katika nchi nyingi. Kwa miaka mingi ofisi za fedha za nchi tajiri zilikuwa zikilijua jambo hili na kulipigia hesabu.

Madhara nayo hayaishii kwenye ile asilimia. Mzabuni aliyehonga lazima arudishe fedha yake, na huirudisha ama kwa kupandisha bei ama kwa kupunguza saruji na nondo. Niliwahi kupokea hati tatu za bei kutoka kwa kampuni zilizodaiwa kushindana, na zote tatu zilikuwa zimeandika "matengezo" badala ya "matengenezo", katika mstari uleule wa ukurasa uleule. Ushindani ulikuwa umechapwa katika kompyuta moja. Fedha iliyopotea pale ilikuwa ndogo, lakini mtindo huohuo ukiingia kwenye majengo hugeuka vifo: Nicholas Ambraseys na Roger Bilham walionyesha mwaka 2011 kwamba asilimia 83 ya vifo vilivyotokana na kuporomoka kwa majengo katika matetemeko ya ardhi kwa miongo mitatu iliyotangulia vilitokea katika nchi ambazo rushwa yake inazidi kiwango kinachotarajiwa kwa kipato chake.

Je, ukali wa sheria unasaidia? Unasaidia pale tu panapokuwa na mtu wa kuitekeleza ambaye hawajibiki kwa mtuhumiwa. Hong Kong ilikuwa na sheria kali dhidi ya hongo, ila uchunguzi ulikuwa mikononi mwa polisi wenyewe, na mwaka 1973 afisa wao mwandamizi Peter Godber, aliyekuwa akichunguzwa kwa mali iliyozidi mno kipato chake, aliweza kutoroka kupitia uwanja wa ndege. Mwaka uliofuata kikaundwa chombo huru, Godber akarudishwa kutoka Uingereza na kufungwa miaka minne. Watu hupenda kuisimulia habari hii mpaka hapo. Mwaka 1977 polisi waliandamana dhidi ya chombo hicho mpaka gavana akalazimika kutoa msamaha kwa sehemu kubwa ya makosa yaliyotendwa kabla ya mwaka huo. Chombo kilinusurika, lakini hata huko mafanikio hayakuja bila kumeza mate machungu.

Nimeliacha mwisho swali lako la tatu kwa sababu ndilo linalosahaulika. Kumfunga afisa hakukulipi. Ibara ya 35 ya Mkataba nilioutaja hapo juu inazitaka nchi zimwezeshe aliyepata hasara kutokana na rushwa kufungua madai ya fidia dhidi ya waliohusika, na ibara ya 34 inaziruhusu kuichukulia rushwa kama sababu ya kubatilisha mkataba au kuondoa kibali. Katika nchi nyingi unaweza pia kuiomba mahakama itoe amri ya kumlazimisha mtumishi wa umma atimize wajibu wake, pamoja na kudai riba ya ucheleweshaji kama mkataba wako unaitaja. Hapa unaona kwa nini nilikusihi usitoe: mahakama haimsaidii mtu aliyechafua mikono. Mwaka 2006 baraza la usuluhishi la kimataifa lilikataa madai ya kampuni ya World Duty Free dhidi ya Kenya kwa sababu mkataba wake ulipatikana kwa hongo ya dola milioni 2 aliyopewa rais aliyekuwa madarakani wakati huo. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Uingereza ilifuta tuzo ya usuluhishi, yaani uamuzi wa kulipa fidia, iliyokuwa imefikia takriban dola bilioni 11 dhidi ya Nigeria, baada ya kuona kwamba ilipatikana kwa udanganyifu uliohusisha hongo. Wewe kwa sasa una kazi iliyopokelewa na mkataba safi, na hiyo ni mali kubwa kuliko asilimia kumi unayoombwa.

Kabla ya kuripoti, muulize wakili kama nchi yako ina sheria ya kumlinda mtoa taarifa, maana ibara ya 33 inazitaka nchi zifikirie tu kuweka ulinzi huo, na si zote zilizouweka. Ukikuta haipo, taarifa yako ipitie kwa wakili huyo, jina lako lisitajwe kwenye nakala zinazozunguka ofisini, na barua ile ya madai itangulie kwa siku kadhaa ili ionekane unafuatilia malipo kama mdai mwingine yeyote. Mtu wa kati akikupigia simu tena, mwambie unasubiri majibu ya barua.