Vanila Haijapooza

Baadhi ya wateja wangu wa keki, waliozoea Kiingereza cha mtandaoni, huniambia: "Usinipe ya vanila, imepooza." Najua wanakoitoa. Kwa Kiingereza cha leo, mtu, mpango au programu ya kompyuta ikiitwa "vanilla" maana yake ni ya kawaida mno, haina nakshi. Maana hiyo imetokana na aiskrimu: ya vanila ndiyo iliyokuwa haikosekani dukani, nyeupe, na ladha nyingine zikaonekana ndizo za kuchagua.

Asili ya neno ni nyingine kabisa. Wahispania walipokuta maganda ya mmea wa vanila Meksiko waliyaita vainilla, yaani kiganda kidogo. Waazteki, wenyeji wa huko, walikuwa wakiyatia katika kinywaji cha kakao. Mmea ulipoletwa visiwa vya Bahari ya Hindi ulichanua bila kuzaa vizuri, hadi mwaka 1841 Edmond Albius, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa kisiwani Réunion, alipoonyesha jinsi ya kuchavusha ua kwa kijiti na kidole gumba. Mpaka leo, iwe Madagaska, Komoro, Uganda au kwetu Kagera, ua hufunguka siku moja tu na mkulima huliwahi kwa mkono. Baada ya kuvunwa, maganda huanikwa na kufunikwa kwa miezi ndipo yanukie. Kazi yote hiyo, halafu jina lake liwe la kitu kisicho na ladha! Inaniuma.

Kilichotuchosha ni arki ya kichupani. Mwaka 1874 wanakemia wa Kijerumani waliweza kutengeneza vanilini, kemikali inayoipa vanila harufu yake, bila ganda, ikawa rahisi, ikaingia kila biskuti.

Kwa hiyo nunua ganda halisi, hata moja. Chagua jeusi, lenye mafuta, linalopindika bila kukatika. Likiwa kavu kama kijiti, liache. Lipasue kwa urefu, kwangua mbegu kwa mgongo wa kisu, kisha tia mbegu na ganda katika maziwa ya moto uliyokwisha kuyaepua na ufunike robo saa. Usiyachemshe pamoja, harufu itaondoka na mvuke. Mimi hupunguza sukari, huongeza chembe ya chumvi, na iliki siitii kabisa kwenye keki hiyo kwa sababu huifunika vanila. Ganda lililotumika lioshe, likauke, ulifukie kwenye mkebe wa sukari. Baada ya wiki mbili sukari hiyo inafaa sana kwa uji wa mtoto na chai ya maziwa.