Sky si Samawati: Kutafuta Rangi za Kweli za Modeli za Ndege za Vita

Modeli yangu ya kwanza ya Swordfish, ndege ya wanamaji wa Uingereza ya Vita Vikuu vya Pili, niliipaka tumbo samawati. Karatasi ya maelekezo ilisema Sky, nami sikuona cha kuuliza: sky ni mbingu, mbingu ni samawati, na neno letu lenyewe asili yake ni mbingu za Kiarabu. Nikachanganya buluu na nyeupe mpaka ikafanana na anga ya Nyali wakati wa kaskazi. Ilipendeza. Na ilikuwa makosa matupu.

Sky ya Waingereza ni kijani kilichopauka sana, chenye umanjano kwa mbali. Katika orodha yao ya viwango, BS 381C, ni namba 210. Menya tango, utazame nyama yake karibu na mbegu: rangi iko maeneo hayo. Nilipiga msasa tumbo lote la ile ndege, jioni kwa jioni kwa wiki nzima, na tangu hapo sipaki kitu kwa kusoma jina.

Jina jingine linalopoteza watu ni Dark Slate Grey. Ukilisikia utasema ni kijivu. Ni kijani, kijani kizito kama majani ya mkoko yaliyoshika vumbi. Mwenzake kwenye mgongo wa ndege, Extra Dark Sea Grey, ndiye kijivu kweli, tena chenye ubuluu ndani yake. Namba yake ni 640. Modeli nyingi za ndege za wanamaji wa Uingereza huharibika hapa: mtu anapaka vijivu viwili, na ndege yote inakosa bahari ndani yake. Maana rangi hizo ziliwekwa pamoja makusudi, ili anayetazama kutoka juu asiitofautishe ndege na maji.

Ndege hizi nazijali kwa sababu ni zetu kwa namna fulani. Aprili 1942 Wajapani waliposhambulia Colombo na Trincomalee, kwenye kisiwa cha Sri Lanka ya leo, meli za kivita za Uingereza zilizokuwa huko zilihamia Kilindini, bandari ya Mombasa. Swordfish za manowari ya kubebea ndege Illustrious ndizo zilizoshambulia Diego Suarez, Madagaska, tarehe 5 Mei mwaka huo huo. Catalina, ndege za kutua majini, za kikosi namba 209 nazo zilikuwa zikielea Kipevu, hapo penye mitambo ya umeme na gati ya mafuta leo. Wazee wetu waliziona kwa macho yao. Kwangu mimi, kuipa ndege hiyo rangi ya kubahatisha ni kama kusimulia habari za babu yako huku ukimbadilishia jina.

Sasa rangi ya kweli utaipataje?

Anza na vijiko. Vile vyeupe vya plastiki vya sherehe, Marikiti utapata pakiti nzima kwa bei ndogo. Paka mgongo wa kijiko, si ndani, kwa kuwa mgongo umejipinda kama bodi ya ndege na utakuonyesha mwanga unavyoteleza juu yake. Kwenye mpini andika kwa kalamu isiyofutika: chupa gani, matone mangapi, tarehe. Mimi nina vijiko zaidi ya mia kwenye kopo la maziwa, na ndiyo mali ninayoithamini kuliko zana zote. Viwili kati yake vyote vimeandikwa Sky, vya kampuni mbili tofauti. Kimoja ni kijani mpaka kinakera macho, kingine ni kijivu cha moshi. Vibandiko vya chupa vilikuwa sawasawa.

Halafu subiri vikauke. Somo hili nilipewa na fundi mmoja wa kupiga rangi magari kule Changamwe, siku niliyomkuta akilinganisha kiraka cha mlango wa gari. Alipaka tone kwenye ukingo, akaliacha, akaenda kunywa chai. Nikamwambia, mzee, mbona naona imeshapatana? Akanijibu, "Mwanangu, rangi mbichi haina ushahidi." Aliporudi tone lilikuwa limekoza, akaongeza nyeupe. Rangi za akriliki zinazochanganywa na maji ndivyo zilivyo: nyingi hukoza zikikauka. Na vanishi nayo ina mambo yake. Ile ya kung'aa huizamisha rangi, isiyong'aa huipausha. Kwa hiyo kijiko chako kipake vanishi ile ile utakayoipaka ndege, ndipo uhukumu.

Yule fundi alifanya jambo jingine ambalo sikulielewa siku hiyo. Aliliviringisha gari nje ya banda kabla ya kutazama. Mimi nimelijua kwa hasara. Usiku mmoja nilichanganya Dark Slate Grey chini ya taa ya tyubu, nikaiweka kando ya kadi yangu ya rangi, zikawa pacha. Asubuhi, penye mwanga wa mchana, moja ilikuwa kijani na nyingine imeingia hudhurungi. Chembe zinazotengeneza rangi hizo mbili si za aina moja, basi kila taa inazisema tofauti. Siku hizi nalinganisha mahali pamoja tu: kwenye kivuli cha baraza, saa nne asubuhi, kamwe si juani. Nakata madirisha mawili madogo kwenye karatasi nyeupe, nafunika kijiko na kadi, nabakiwa na vipande viwili tu vya kutazama. Jicho likinyimwa majirani husema kweli zaidi.

Kadi ya kulinganishia nayo uijue ilikotoka. Utakutana na namba za FS, orodha ya rangi ya serikali ya Marekani, zenye tarakimu tano, kwa mfano 34087. Tarakimu ya kwanza ni mng'ao: 1 inang'aa, 2 inang'aa kiasi, 3 haing'ai. Ya pili ni ukoo wa rangi, na 4 hapo ni kijani. Ni orodha nzuri sana, lakini Wamarekani waliitoa mwaka 1956, na vita viliisha 1945. Kwa hiyo namba ya FS kwa ndege ya 1942 ni jirani wa karibu aliyetafutwa baadaye. Ichukue kama mwanzo wa safari. Ushahidi wenye nguvu ni rangi yenyewe ilipobaki: kwenye makumbusho ya ndege za wanamaji kule Yeovilton, Uingereza, waliikwangua ndege ya vita aina ya Corsair, namba KD431, kidogo kidogo, wakatoa rangi zilizopakwa baada ya vita hadi wakafika kwenye ile ya 1944. Picha za kazi hiyo zisome kwa utulivu.

Picha za zamani zisizo na rangi zinahitaji tahadhari zaidi. Baadhi ya filamu za wakati ule hazikuona nyekundu kabisa, na manjano ziliiona kwa shida, wakati buluu ziliifanya iwe nyeupe nyeupe. Ndiyo maana duara la manjano linalozunguka nembo ya Uingereza huonekana jeusi kwenye picha fulani, na mtu akaapa kwamba halikuwa la manjano. Kabla ya kuamini kijivu chochote kwenye picha, tafuta humo humo kitu ambacho rangi yake unaijua.

Kuhusu hali ya hewa ya kwetu nitasema machache. Masika rangi za thina na vanishi za kupuliza huota ukungu mweupe kwa sababu ya unyevu. Ngoja alasiri kavu, au acha mpaka kesho.

Jua, hata hivyo, lina neno refu. Nenda bandari ya zamani, ushike ubavu wa mashua iliyokaa juani: kiganja kinatoka na unga. Rangi isiyong'aa hufanya hivyo, inachakaa kwa juu na kupauka. Ndege iliyoegeshwa kwenye sitaha ya manowari, juani na kwenye chumvi, haikuweza kubaki kama ilivyotoka kiwandani. Wengi huongeza nyeupe kwenye kila rangi na kuita hali hiyo uchakavu. Mimi siungi mkono. Napaka kwanza rangi sahihi kabisa, kisha napausha kwa ukungu mwembamba sana sehemu za juu tu, zile jua lilizozipiga. Chini ya mbawa naacha ilivyo.

Sasa hivi nina Swordfish nyingine mezani. Ina mbawa mbili, moja juu ya nyingine, na Waingereza walilifikiria hilo: bawa la juu hulitia kivuli la chini, basi la chini walilipaka rangi nyepesi zaidi, Dark Sea Grey na Light Slate Grey, ili mwishowe yote yaonekane sawa. Kijivu nimeshakipata. Light Slate Grey niko kijiko cha sita, nacho kimelala barazani kinakauka tangu alfajiri.