Ua la Njano Halitoshi: Maswali Kuhusu Mikunde ya Kigeni

Maswali ya safari hii yanahusu mimea ya mwitu yenye asili ya Ulaya, ambayo leo imeenea Amerika Kaskazini, Australia na New Zealand.

Swali: Nina mmea wenye maua ya njano na vijani (vipande vya jani moja) vitatu vitatu. Nitajuaje kama ni wa jamii ya mikunde?

Jibu: Tazama petali. Ua la mimea hii lina petali tano zisizolingana: moja pana iliyosimama juu, mbili za ubavuni, na mbili za chini zilizoshikana mfano wa mkuku wa jahazi. Petali zikilingana na vijani vikiwa na umbo la moyo, hiyo ni Oxalis, ambayo haimo kabisa katika jamii hii.

Swali: Nawezaje kutofautisha Medicago lupulina na Trifolium dubium?

Jibu: Hizi huwababaisha hata wazoefu, kwa kuwa vichwa vya maua vya zote mbili ni vidogo mno. Kwa kioo cha kukuzia, chunguza ncha ya kijani cha kati: ya Medicago ina kijichomozo kama ncha ya sindano, ya Trifolium haina. Kisha vuta subira hadi maua yazeeke, maana petali za Trifolium hunyauka, zikageuka kahawia na kubaki zimelifunika ganda la mbegu, ilhali za Medicago hupukutika na kuacha kishada cha vijiganda vilivyojikunja, vyeusi vikikomaa, kila kimoja na mbegu moja. Binafsi siamini utambuzi wa mimea hii uliotegemea picha ya ua peke yake.

Swali: Lotus corniculatus ina vijani vitatu au vitano?

Jibu: Vitano, viwili vimekaa chini kabisa, penye shina, ndiyo maana husahaulika. Maganda yake hutawanyika kama vidole vya ndege.

Swali: Je, Melilotus officinalis, ile ndefu yenye mashuke membamba, inafaa kulishwa ng'ombe?

Jibu: Ikiwa mbichi au imekaushwa vizuri, hulishwa. Hatari ni ukungu, ambao hugeuza kumarini, kiini cha harufu yake tamu, kuwa dikumaroli inayozuia damu kuganda. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wengi wa Kanada na Marekani walivuja damu hadi kufa kwa sababu hiyo, na utafiti uliofuata ndio uliozaa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda.

Swali: Nawezaje kutofautisha vichaka vya Ulex europaeus na Cytisus scoparius?

Jibu: Ya kwanza ina miiba mikali, ya pili haina.