Mashine ya kufulia inavuja chini na sinki limeziba

Dada pole, umesema mashine inavujia mbele kwa chini na sinki la jikoni maji hayaendi. Usikimbilie kumwita fundi kwanza.

Kama ni ile ya mlango wa mbele, chomoa waya ukutani, funga bomba, halafu angalia kona ya chini kuna kifuniko kidogo, hapo ndo kuna filta. Weka trei na taulo kuukuu, fungua taratibu maana maji yatatoka, kama umetoka kufua kwa maji ya moto subiri yapoe. Yangu nilikuta sarafu ya mia mbili, kibanio cha nywele na uzi umejisokota mpaka umekuwa kama kamba! Isafishe filta pamoja na raba yake, rudisha ikae sawa, ikikaa upande ndo inavuja hivyo hivyo. Futa pia ile raba ya mlangoni, fungua mikunjo yake na vidole.

Na sabuni je? Ya unga ya kufulia kwa mkono inatoa povu jingi sana, povu linatafuta njia linatoka nje, tumia ya mashine, kidogo tu.

Sinki, weka ndoo chini, fungua ile paipu yenye umbo la U chini ya sinki kwa mkono, utakuta mafuta yameganda na wali. Mafuta ya kukaangia usimwage humo hata yakiwa ya moto, yakipoa yanaganda kwenye paipu, yaweke kwenye kopo utupe. Acid usimwage kabisa tafadhali, inaunguza mtu.